Kabla ya Kuvuka Ruvuma

"Dada, nipokelee mtoto wangu, tafadhali."

Mwanakombo aligeuka. Alikuwa amejibana kwenye kona ya lori, juu ya magunia ya chumvi, akiwatazama watu wa Ufukoni, pale Mtwara, wakipita na shughuli zao, huku akimwonea kijicho kila aliyekuwa anakwenda anakotaka. Chini, kando ya gurudumu, alisimama kijana mrefu mwenye kofia ya kiua, ameinua juu kitu kilichofungwa kwa kanga. Mwanakombo alinyoosha mikono kwa upole, kama mtu anayepokea kichanga, na uzito ule nusura umvute aangukie chini.

"Mtoto gani huyu? Unamlisha mawe?"

"Ni wa chuma, dada. Usimwangushe, baba yake atakufa njaa."

Kanga iliteleza kidogo na kichwa cha cherehani kikachungulia, cheusi cha kung'aa, na maua ya rangi ya dhahabu ubavuni. Mwanakombo alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata akajishtukia mwenyewe, maana tangu watoke Mikindani alfajiri hakuwa amefungua kinywa ila kwa kupiga mwayo. Upesi alitazama mbele. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na kidirisha kidogo, na katika kidirisha kile lilikuwa limeshatokea jicho la shangazi yake, Bi Ashura.

Bi Ashura alikaa mbele kwa sababu akipanda nyuma ya lori hutapika. Lau si tumbo lake, asingemwacha mtoto wa kaka yake peke yake nyuma hata kwa dakika moja, siku kama ile.

Safari yenyewe ilikuwa ya baba yake Mwanakombo, Bwana Mohamedi wa Mikindani. Yeye ndiye aliyeipanga pamoja na binamu yake Bwana Isihaka, mfanyabiashara wa Kionga, ng'ambo ya mto Ruvuma kwa Mreno. Mwanakombo alikuwa mtalaka. Mume wake wa kwanza, mtu wa Lindi, alimrudisha kwao na kueleza sababu mbele ya wazee bila haya: "Mwanamke huyu ana ulimi. Nikisema moja, yeye ana mbili." Neno lile lilibaki pale nyumbani kama harufu ya moshi. Majirani walilijua, wachumba walilisikia, na mdogo wake alianza kukosa wa kumposa. Basi Bwana Isihaka alipokubali kumchukua awe mke wa pili, baba yake hakuuliza mara mbili. Ndoa ingefungwa Kionga. Asubuhi, wakati wa kufunga mizigo, Bi Ashura alimpa agizo moja tu.

"Mpaka tufike, mwanangu, funga mdomo. Watu wa kule wakukute umetulia."

Kutulia! Lori lilianza kuondoka likilia na kutikisika, na Mwanakombo akakaa, akasogea, akakunja goti, akalikunjua, akajifunga ushungi, akaufungua. Moyo wake ulikuwa kama umeachwa mahali na mwili unapelekwa pengine.

"Hilo gunia lina miiba?" aliuliza yule kijana, ambaye sasa alikuwa amekaa nyuma yake kidogo, cherehani kikiwa mapajani.

"Halina."

"Basi miiba unayo wewe."

"Sikuzoea kukaa kitako."

"Hata mimi. Ndiyo maana nimechagua kazi ya kukaa kitako, nijifunze. Mpaka leo sijafaulu."

Aliitwa Abdulrahmani, lakini watu walimkatia jina wakamwita Rahmani. Alikuwa Mmakua wa Masasi. Alikuja Mtwara kubeba mawe wakati wa kujenga bandari mpya, na bandari ilipoanza kupokea meli, kazi ya mawe ikaisha. Wenzake walibaki kupakia korosho. Yeye alikuwa amevutwa na fundi mmoja mzee aliyekuwa akishona barazani, na siku zake za mapumziko akawa anakwenda kukaa miguuni pake mpaka akaijua sindano. Aliyaeleza haya kwa sauti ya chini, macho yakiwa barabarani, na kila lori lilipoingia shimoni alikikumbatia cherehani chake kama mzazi.

"Na mnakwenda wapi, wewe na mwanao?" Mwanakombo aliuliza.

"Kionga. Nimeitwa kushona nguo za harusi."

Lori liliingia shimo jingine. Mwanakombo alishika ukingo wa bodi.

"Harusi ya nani?"

"Ya tajiri mmoja, Bwana Isihaka. Alikuja Mtwara mwezi uliopita, akaniona nashona, akapenda kazi yangu. Kitambaa alininunulia pale pale." Alipiga kofi la upole kwenye furushi lililokuwa kando yake. "Atlasi nyekundu. Ukiitazama juani macho yanauma."

"Na bibi harusi?"

"Simjui. Nitampima nikifika."

Hapo ndipo Mwanakombo alipotii agizo la shangazi yake. Alifunga mdomo, akageuza uso kando, na upepo ukampiga machoni hata yakatoa machozi.

*

Ilikuwa masika, na barabara ya Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, ilikuwa matope matupu. Walipoipita Madimba lori lilizama mpaka ekseli. Dereva alishuka, akatazama, akavua shati. Abiria wakaambiwa watangulie kwa miguu mpaka kilima cha Tangazo, lori lipate wepesi. Bi Ashura alikataa katakata kukanyaga tope. Alibaki kwenye kiti chake akisoma dua kwa sauti, na Mwanakombo akaondoka haraka, viatu mkononi, kabla ya kuitwa.

Alitembea kwa kasi. Ilikuwa raha kutembea, hata tope lilipopenya kati ya vidole. Mikorosho ilikuwa imelowa pande zote mbili za njia, na maji yalikuwa yakitiririka kwenye alama za magurudumu. Baada ya muda alisikia pumzi nyuma yake. Rahmani alikuwa anamfuata na cherehani begani.

"Ungekiacha garini," alimwambia.

"Ungemwacha mwanao garini?"

Mwanakombo, ambaye swali lilikuwa likimwasha tangu walipotoka mjini, akashindwa kujizuia.

"Huyo bwana wa Kionga, alisemaje juu ya mkewe mtarajiwa?"

"Mbona unamwulizia sana?"

"Wanawake hupenda habari za harusi."

Rahmani alihamishia cherehani bega la pili. "Alisema, 'Fundi, shona pana. Kwangu mke hatoki, hata kisimani haendi. Atakaa ndani anenepe.' Akacheka. Nami nikacheka, maana alikuwa mteja. Lakini tangu hapo kicheko kile kinanikera."

"Kwa nini kikukere? Si mkeo."

"Sijui. Mimi nikishona nguo huwa namwona mtu ndani yake anakwenda mahali. Anakwenda sokoni, anakwenda ngomani, anakwenda kumwona mama yake. Hii ya atlasi kila nikiifikiria namwona mtu amekaa. Mkono hautaki kukata kitambaa."

Njia ilikuwa imepinda, na wale abiria wengine walikuwa wameshapotelea mbele.

"Na wewe mkeo ungemwambia nini?"

"Sina mke."

"Ungekuwa naye."

Alifikiri kweli kweli, kama aliyeulizwa jambo zito. "Ningemwambia, twende. Basi. Sina neno jingine."

Hapo Mwanakombo aliteleza. Mguu mmoja ulikwenda kwenye mfereji, mwingine ukabaki njiani, na Rahmani, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umeshika chuma, alimdaka kwa ule wa pili. Walisimama hivyo. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa mawe ya zamani, na ncha za vidole zilikuwa na vitobo vidogo vya sindano. Hata Mwanakombo alipokuwa amekwisha simama sawa sawa, mkono ulichelewa kutoka, na hakujua ni wa nani uliochelewa.

Honi ya lori ndiyo iliyowaachanisha. Mwanakombo alipopanda tena, kwa haraka ya kulikwepa jicho la kwenye kidirisha, msumari wa bodi ulilishika buibui lake ukalichana kutoka begani.

*

Walifika Kilambo wakakuta Ruvuma umefura. Mto ulikuwa mpana, mwekundu wa udongo, na miti mizima ilikuwa ikipita katikati, mizizi juu, kama inayokimbia kitu kule bara. Mwenye mtumbwi, mzee wa Kimakonde aliyeitwa Nalinga, alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake uliofunikwa, hana wasiwasi.

"Nangu sivuki," alisema. "Mimi leo hapana. Kesho nitautazama, nitawaambieni."

"Tunangojewa ng'ambo, mzee," Bi Ashura alilalama. "Hili ni jambo la harusi."

"Na wangoje, mama. Mto haujaalikwa."

Mkewe, Bi Rehema, aliwapokea wanawake nyumbani kwake. Rahmani alipewa nafasi barazani. Kesho yake mto ulikuwa vile vile. Bi Ashura aliingia na kutoka, akitazama maji, akitazama mbingu, na Mwanakombo alifagia ua ambao ulikuwa umekwisha fagiwa, akatwanga mpunga usio wake, akaenda mtoni na ndoo ambayo haikuwa tupu. Kila alipopita barazani alihisi macho yakimfuata, na kila aliporudi alijikuta anapunguza mwendo.

Ajabu ni kwamba ni shangazi mwenyewe aliyelipeleka lile buibui. "Fundi, kwa kuwa umekaa bure, mshonee huyu. Siwezi kumfikisha kwa watu na tambara."

Rahmani alikiweka cherehani juu ya kinu kilichopinduliwa, akazungusha gurudumu lake kwa mkono wa kulia. Alasiri, Bi Ashura akiwa ndani na Bi Rehema ameshuka mtoni, alimwita Mwanakombo na kumpa nguo yake. Aliivaa palepale. Lile buibui lilikuwa na tabia ya kumporomoka begani tangu liliponunuliwa. Sasa lilimkaa kama lililozaliwa naye.

"Umelipunguza mabegani," alisema. "Ulinipima lini?"

"Sikukupima. Nilikaa nyuma yako njia nzima." Aliinamisha kichwa. "Macho yamefanya kazi bila kutumwa. Nisamehe."

Mwanakombo aliketi kwenye ngazi ya baraza. Alijua kwamba angepaswa kusema ahsante na kuingia ndani. Aliketi.

"Bi Mwanakombo, harusi ya hao jamaa zenu ikiisha, mtarudi Mikindani?"

"Kwa nini?"

"Nataka nije kumwamkia baba yako. Sitakuja peke yangu kama mhuni. Nitamleta mjomba wangu kutoka Masasi, yeye ndiye mkubwa wangu. Najua ni mapema. Watu hukaa mwaka wanachunguzana. Lakini mimi tangu lile tope la Madimba sijakaa sawa. Nikila sili, nikikaa sikai. Nimeona bora niseme kabla mto haujapungua, maana ukipungua kila mtu atashika njia yake."

Maneno yale Mwanakombo aliyataka, na sasa yalipomfikia yalimchoma.

"Usije," alisema.

"Kwa kuwa mimi Mmakua?"

"Kwa kuwa hiyo atlasi ni yangu."

Rahmani hakuelewa. Alitazama furushi, akamtazama yeye.

"Bibi harusi wa Bwana Isihaka ni mimi, Rahmani."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya gurudumu la cherehani. Ulibaki hapo hapo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponitajia jina lake. Hata mjini tulikuwa hatujatoka vizuri."

"Na ukaniacha niseme!" Alisimama. "Ukaniacha nikueleze habari za nguo pana na kunenepa! Ukaniuliza mke wangu ningemwambia nini, nikajibu kama mjinga, na wewe unajua unakopelekwa!"

"Nimeambiwa ninyamaze."

"Hukunyamaza! Ulicheka. Uliuliza. Ulinipa mkono. Ulichonyamazia ni hicho kimoja tu, nacho ndicho nilichostahili kuambiwa."

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungehamia gunia jingine!"

"Ndiyo, ningehama! Nisingetia mkono kwenye mkate wa mtu!"

Mwanakombo naye akasimama. "Mkate? Mimi mkate?"

"Sikuwa na maana hiyo."

"Ndiyo hiyo hiyo! Yule anataka kuniweka ndani ninenepe, na wewe umeona sahani si yako unairudisha kwa mwenyewe. Mmoja wenu ameniuliza mimi nataka nini? Mmoja tu?"

Rahmani alianza kukifunga cherehani katika ile kanga, na vidole vyake, vilivyozoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, vilishindwa kukaza fundo.

"Nimempa mtu ahadi," alisema bila kumtazama. "Kitambaa chake ninacho. Mto ukipungua nitavuka, nitashona, nitarudi zangu."

"Shona pana," Mwanakombo alisema, akaingia ndani kabla hajamwonyesha machozi.

Bi Ashura alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi, na ilikuwa dhahiri kwamba tasbihi ile haijasogea kwa muda mrefu.

"Umesikia, shangazi?"

"Nyumba ya makuti hii, mwanangu. Hata jirani amesikia." Alishusha pumzi. "Mmakua wa Masasi. Ukoo wake hatuujui, nyumba hana, anatembea na chuma chake mgongoni kama kobe. Baba yako unataka kumzika?"

"Sijasema naolewa naye. Huyo ameshaniacha kabla hajanioa."

"Basi unalilia nini?"

Mwanakombo aliketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya shangazi yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Baadaye sana aliuliza, "Shangazi, wewe ulipoolewa uliulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukasemaje?"

"Niliinama. Mwali hasemi. Wakasema, amenyamaza, amekubali."

"Ulikuwa umekubali?"

Bi Ashura alitazama mlangoni, ambako mwanga wa alasiri ulikuwa umeingia mpaka miguuni pao. Alikuwa amezaa watoto katika ndoa ile, amemzika mume, amewaoza wengine, na hakuna aliyewahi kumwuliza hilo.

"Nilikuwa nalia," alisema. "Ila nilikuwa nimefunikwa ushungi, hawakuona." Akaondoa kichwa cha Mwanakombo magotini, akasimama. "Nawa uso. Bi Rehema ameivisha samaki."

*

Asubuhi mto ulikuwa umeshuka, umeacha mstari wa takataka juu ya mchanga. Kabla Mzee Nalinga hajaufunua mtumbwi wake, mwingine uliwasili kutoka ng'ambo. Ndani yake alikuwa Selemani, mdogo wake Bwana Isihaka, kijana wa kanzu nyeupe aliyekuwa akiogopa kulowa, pamoja na Maalim Juma, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Kionga, mzee mwembamba mwenye mwavuli.

Selemani aliamkia, akauliza hali, akaeleza kwa fahari jinsi mambo yalivyokuwa tayari: ng'ombe, wageni, wapigaji ngoma. "Kaka amesema ndoa ifungwe leo leo tukifika. Ila Maalim ana neno lake dogo."

Maalim Juma aliukunja mwavuli. "Si neno langu, ni la sheria. Mwali ambaye hajaolewa, kimya chake kinatosha. Lakini wewe, binti yangu, umeshaolewa ukaachwa. Wewe kimya chako si kitu. Lazima ulimi wako useme. Nami sipendi kumvusha mwanamke mto kama huu kabla sijaisikia kauli yake."

Mwanakombo alimtazama mzee yule kama mtu aliyeitwa kwa jina lake usingizini. Ulimi! Ulimi uliompatia talaka, ulimi alioambiwa aufunge, leo unatafutwa kwa heshima, unangojewa na mitumbwi miwili.

Alitazama kando. Rahmani alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, akipakia vitu vyake katika mtumbwi wa Mzee Nalinga. Aliweka cherehani, akaweka furushi la atlasi, akalifunika kwa turubai. Hakugeuka. Hakutoa ishara yoyote ambayo mwanamke angeweza kuishika. Mwanakombo alielewa kwamba akisema la, atakuwa amesema kwa ajili yake mwenyewe tu, na atarudi kwao mikono mitupu, kwa baba aliyekunja uso na mdogo wake anayengojea mchumba.

"Mwanakombo binti Mohamedi," Maalim alisema, "umeridhika kuolewa na Isihaka?"

Miguu, ambayo haikuwa imetulia tangu Mikindani, ilitulia mchangani.

"Hapana, Maalim. Sikuridhika."

Selemani alicheka kidogo. "Hakuelewa, Maalim. Mwulize tena."

Maalim akarudia, pole pole, neno kwa neno.

"Nimeelewa tangu mara ya kwanza. Sitaki. Bwana Isihaka ni ndugu yangu, namheshimu. Kuolewa naye sitaki."

"Shangazi!" Selemani alimgeukia Bi Ashura, na uso ulikuwa umemwiva. "Mwambie mtoto wenu! Watu wamealikwa!"

Bi Ashura alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili. Mwanakombo alingoja, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko jibu lenyewe.

"Maalim amemwuliza yeye," Bi Ashura alisema. "Hakuniuliza mimi."

Mzee Nalinga, aliyekuwa akichota maji ndani ya mtumbwi, alisita na kata yake hewani. Maalim Juma aliitikia kwa kichwa mara moja, akaufungua mwavuli wake ingawa jua lilikuwa halijawa kali. "Basi hakuna ndoa," alisema. "Turudi, Selemani."

"Pana mtu amemtia maneno!" Selemani alizungusha macho ufukoni mpaka yakamwangukia Rahmani. "Na huyu? Si ndiye fundi? Walikuja lori moja?"

Rahmani alitoka majini. Alikuja akasimama mbele yao, suruali ikidondoka maji, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama Mwanakombo usoni.

"Hakuna aliyemtia maneno," alisema. "Angetegemea maneno yangu ya jana angekubali. Nilimwambia upumbavu." Akamgeukia Selemani. "Kitambaa cha kaka yako ninacho, hakijaguswa na mkasi. Nitakipeleka mimi mwenyewe mkononi mwake. Nitamwambia mambo mawili. Kwamba sitakishona, kwa kuwa bibi harusi amekataa. Na kwamba mimi nampenda mwanamke huyu. Hilo la pili nataka alisikie kwangu, asilisikie kwako."

Selemani alirudi nyuma hatua. "Una wazimu. Kaka yangu ana watu."

"Najua."

"Rahmani, usivuke." Mwanakombo hakujali tena nani anasikia. "Mpe Selemani kitambaa, urudi Mtwara. Watakuumiza."

"Wanaweza." Alijaribu kutabasamu, na tabasamu halikumkaa. "Lakini nikimkimbia yeye leo, mbele ya baba yako nitasimama na uso gani? Atauliza, huyu ni mtu wa namna gani aliyetoa ahadi akatoroka? Acha nivuke. Nikimaliza huko nakwenda Masasi kwa mjomba. Halafu nakuja." Akashusha sauti. "Kama unataka nije. Jana sikukuuliza. Leo nakuuliza. Nije?"

"Njoo."

Maalim Juma alikohoa chini ya mwavuli. "Mtumbwi mmoja utatutosha sisi watatu," alisema. "Fundi, panda na sisi, ukae karibu yangu. Na huko kwa Bwana Isihaka nitaingia nawe. Mgeni niliyefika naye mimi haguswi."

Bi Ashura alivuta pumzi ndefu ambayo Mwanakombo aliisikia mpaka kifuani mwake.

Vitu vikahamishwa. Mtumbwi ukasukumwa, ukachukuliwa na maji, ukageuka, ukashika njia. Rahmani alikuwa amekaa nyuma, uso kwao. Mwanakombo alitazama mpaka walipofika mahali maji yanapokwenda kasi, na ndipo wazo lilipompiga: hajui nyumba! Mikindani yote, akina Mohamedi walivyo wengi, atamwuliza nani?

Alikimbia mpaka maji yakamfika magotini, akakusanya viganja mdomoni.

"Nyuma ya msikiti! Mlango wa buluu! Ulizia Mohamedi muuza makuti!"

Watu waliokuwa wakifua nguo waliinua vichwa. Mwanamke wa nyumba ya heshima, kwenye buibui lake, akipiga kelele mtoni! Kule mbali Rahmani aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa.

Mwanakombo alihisi mtu amesimama karibu yake. Alijua kinachokuja, alishajiinamia.

"Hajasikia," alisema Bi Ashura. "Sema tena, toa sauti."

Akasema tena. Akasema kwa sauti ambayo ndege waliruka kwenye matete, na kule katikati ya Ruvuma mkono mmoja uliinuka ukabaki juu kwa muda mrefu, mpaka mtumbwi ulipopita nyuma ya kisiwa cha mchanga na hawakuuona tena.

Wakabaki wawili. Lori la kurudi lilikuwa la kupandia Tangazo, na njia ilikuwa ndefu, na wingu jipya lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa bahari. Bi Ashura aliikung'uta kanga yake iliyolowa, akajitwika kifurushi chake mwenyewe.

"Na baba yako utamwambia nini?"

"Sijui, shangazi. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," alisema Bi Ashura. "Twende."